Niachieni Sikio Moja

Watu wanaoandika maneno ya kwenye boksi la hedifoni hawajawahi kupanda daladala la Makumbusho–Bagamoyo. Nasema hivyo kwa uhakika wote. Wangelipanda hata mara moja tu, jioni, mvua inanyesha na madirisha yamefungwa, wangeachana na habari za "besi nzito" na "saa thelathini za chaji" wakaandika yale mnunuzi anayotaka kujua. Kwa mfano: ukizivaa, utamsikia konda akiita Zinga? Au utashtukia uko Kiromo, ushuke gizani, urudi kwa bodaboda kwa hela yako mwenyewe?

Mimi ni mkazi wa Zinga na kibarua changu kiko mjini. Kila jioni napigania siti pale Makumbusho, naketi, halafu inaanza safari ya kupita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, pamoja na foleni zake. Safari ya namna hiyo inataka muziki. Na muziki unapigwa, sikatai; tatizo anayeuchagua ni suka. Suka ana miaka ishirini na kitu, anapenda singeli, na singeli mapigo yake yanavuka 200 kwa dakika, kwa hiyo gari limesimama Tegeta huku moyo wako umeshafika Chalinze. Mtu wa umri wangu anahitaji kinga. Kinga yenyewe ni hedifoni, ndiyo maana nina miaka natafuta za kuzipenda.

Kuzipata si kazi. Zimejaa. Ukiwa kwenye foleni zinapitishwa dirishani pamoja na korosho, leso na maji baridi. Ninachokosa ni zile zitakazokubaliana na Zinga.

Kutoka barabara kuu mpaka kwangu si mbali, ila njia nzima ni mabaraza. Na pwani hii baraza huliruki. Ukimkuta mzee umpe shikamoo, akupe marahaba, kisha mnaanza: habari za mjini, za huko, watoto hawajambo, na ile homa ya bibi iliishia wapi. Ukifika baraza la pili unaanza upya, na homa ileile. Sasa kuna vile vidude vidogo vya kutumbukiza sikioni, visivyo na waya. Nilivipenda sana. Vyepesi, havichomi, havionekani. Kutoonekana ndiko kulikoleta balaa. Mzee mmoja chini ya mwembe alinikaribisha, "Karibu mwanangu, kahawa hii," nami nikapita mbele yake moja kwa moja, nauitikia muziki wa Msondo kwa kichwa. Yeye alichoona ni mtu anatikisa kichwa kukataa kahawa.

Sijafika kwangu, habari imeshafika. Mke wangu yuko mlangoni.

"Baba Zuhura, umepandishwa cheo kazini?"

"Cheo gani?"

"Nauliza tu. Maana watu wanasema siku hizi husalimu."

Nikaenda kumtaka radhi mzee na kilo mbili za sukari. Bei ya sukari hiyo nayo hawaiandiki kwenye boksi.

Vidude hivyo vina kisirani kingine. Ukipigiwa simu unaongea huku mikono imening'inia, hujashika kitu. Jioni moja nilikuwa nashuka njia ya Mlingotini nagombana na mtu aliyeniuzia mabati mafupi, nikakutana na kina mama wanatoka kwenye mwani, ndoo kichwani. Wakaacha njia. Wote. Wakapitia kwenye mikorosho na ndoo zao. Mtu anayefoka peke yake saa za magharibi pwani hii hapelekwi hospitali. Anatafutiwa wa kumsomea. Kesho yake jirani akanijia taratibu, akaniuliza nalalaje siku hizi, akaniachia namba ya simu ya shehe mmoja.

Mwisho wa vidude wenyewe ni huu: kimoja kilichomoka, kikaanguka mchangani, na kabla sijainama bata wa jirani akakiwahi. Bata hajui kutafuna. Kilichoniudhi zaidi ni simu, iliyoendelea kuniambia kwamba vyote viwili vimeunganishwa vizuri. Nikabaki namwangalia bata anavyotembea uani na bendi ya Sikinde tumboni, nami siwezi kudai kitu, kwa sababu bata ni wa shughuli ya arusi.

Basi nikahamia kwenye zile kubwa, za kufunika sikio zima. Hizo zinaonekana tangu Kerege. Mzee wa chini ya mwembe akiniona tu anajua sisikii. Ananipungia, nampungia, uhusiano umepona. Watoto wakaanza kuniita Dijei, hilo nilivumilia. Joto sikuliweza. Kiwandani zilikotengenezwa naona kuna baridi. Zinga mwezi wa pili, ukizivaa kwa nyimbo mbili tu masikio yanachemka. Jasho na hewa ya chumvi vikisaidiana, ile ngozi ya bandia ya kwenye mito yake inaanza kubanduka: kwanza inapasuka mistari membamba pembeni, kisha inatoka vipande vyeusi, saizi ya punje ya mchele, vinang'ang'ania sikioni, shingoni, kwenye ukosi. Ijumaa moja niko msikitini na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nimeinama, aliye nyuma yangu akaona yote. Baada ya swala akanivuta pembeni, akanielekeza kwa huruma duka la dawa Bagamoyo mjini wanapouza mafuta ya mba.

Nilipokuwa najikung'uta nikajiuliza ni nani aliyetuletea chombo hiki, na alikuwa na nia gani. Kumbe zamani hakikuwa cha muziki. Nathaniel Baldwin, Mmarekani wa Utah, alikuwa anazitengeneza jikoni kwake, na mwaka 1910 jeshi la wanamaji la nchi yake likazinunua kwa ajili ya watu wa simu za upepo. Mtu aketi kimya kwenye chumba cha meli asikilize tutu-tu. Huyo hana mzee wa kumsalimu. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akauza zilizotengenezwa kwa ajili ya kusikilizia muziki wa stereo, na bado mtu alikuwa anakaa nazo sebuleni, amefungwa kamba kwenye gramafoni. Hakumpita mtu barazani.

Aliyezileta njiani ni Sony na ile Walkman yao, Julai 1979. Januari mwaka huohuo mwanamuziki wetu Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, kwa hiyo katika uhai wake wote Mbaraka alisikilizwa ukumbini, kwenye redio ya mtaa mzima au kwenye gramafoni ya tajiri mmoja na wapita njia wake. Hakuwahi kusikilizwa kwa siri. Hilo huwa nalifikiria. Lakini ninachotaka kusema ni habari ya Akio Morita, mwenyekiti wa Sony wakati huo. Mzee yule aliona ni utovu wa adabu mtu kukaa na wenzake akisikiliza muziki peke yake. Kwa hiyo Walkman ya kwanza ilitoka na matundu mawili ya hedifoni, wewe na mwenzio, na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na mnasikilizana mkiongea bila kuvua kitu. Mtu huyo angeweza kuoa Zinga. Wakwe wangempokea. Ila wanunuzi wake hawakutaka kugawana, na matoleo yaliyofuata yakakiondoa kile kitufe. Tangu hapo kila kampuni imekuwa ikituuzia upweke, mwaka hadi mwaka, kwa bei inayopanda.

Kwa hiyo nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kutafuta afadhali.

Kijana alinidaka kabla sijasimama sawasawa. "Mzee wangu, njoo. Hizi hapa OG."

"OG ya wapi?"

"OG ya Dubai."

Jina lililoandikwa ubavuni lilikuwa la kampuni kubwa, ila herufi moja imezidi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaitazama herufi, akanitazama mimi. "Hiyo ndiyo toleo jipya, mzee. Za zamani hazikuwa nayo." Sikuwa na la kujibu. Mtu anayejua kazi yake umheshimu.

Akanivika. Zilikuwa na unyevunyevu, maana kabla yangu zilishapita kwenye vichwa vya Kariakoo yote. Akafungua simu yake kunijaribishia, na hapa sijui ni nani aliyewafundisha hawa vijana: wimbo wa majaribio ni mmoja tu, wenye besi ya kubomoa ukuta. Nikamwomba aniwekee Msondo. Akageuka kwa wenzake, "Oyaa, nani ana Msondo?" Hakuna. Sikinde je? Mmoja akasema babu yake anazo. Nikabaki nayo besi.

Kilichofuata sikukisikia. Nilisimuliwa baadaye na muuza mikanda aliyekuwa pembeni, naye alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Kumbe zile hedifoni zilikuwa zinaziba kweli. Kijana akasema elfu themanini. Mimi kimya, naangalia mbele, nasikiliza. Akasema sitini. Kimya. Akasema mzee, arobaini na tano, mimi mwenyewe nimechukulia arobaini. Kimya, na nadhani hapo nilikunja uso kwa sababu ya besi. Akaapa kwa mama yake, akasema ishirini na tano ya mwisho, uniachie nauli. Nilipozivua kumuuliza bei, akanijibu kwa hasira kwamba ameshasema ishirini na tano na hashuki tena. Nikalipa. Tangu nizaliwe sijawahi kununua kitu Kariakoo kwa heshima kiasi hicho.

"Garantii ipo?"

"Ipo, mzee. Mpaka pale kwenye nguzo."

Nguzo niliipita salama. Zilianza kukatakata Mwenge.

Niliporudi nazo kwa fundi akazihuisha, lakini kwa njia ya blututhi tu, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba blututhi haina siri wala haina aibu. Jirani yangu ana sabufa. Siku ya Idi mwanangu alikuwa ameiunganisha na simu yangu ili watoto wacheze, na simu haikusahau. Simu husahau namba ya siri ya benki, sabufa ya jirani haisahau. Jioni moja nimekaa ndani na hedifoni kichwani, nafungua ujumbe wa sauti wa shemeji yangu wa Kibaha, sisikii kitu. Naongeza sauti. Kimya. Naongeza tena. Naongeza mpaka mwisho. Kule nje, kwenye kijiwe cha jirani, mbele ya watu na bao lao, shemeji alikuwa ananishukuru kwa kituo na mkato, kwa laki mbili niliyomtumia, Mungu anizidishie pale nilipotoa. Na jirani huyohuyo asubuhi nilikuwa nimemwambia sina hata ya sukari. Hakusema neno. Alikuja tu kesho yake, akasimama mlangoni, akatabasamu, akaniambia ana shida ndogo.

Binti yangu aliyeko Maskati aliposikia mateso haya akanihurumia, akanitumia hedifoni za maana, zile za kuua kelele. Ziko kwenye mkoba wake wa zipu, na kitambaa cha kufutia. Mke wangu akauweka mkoba kabatini na kitambaa akakichukua. Nikaambiwa kazi yake: ndani kuna maikrofoni ndogo, inasikia kelele ya nje, kisha hedifoni inatoa sauti iliyogeuzwa kinyume cha ile kelele, zinakutana sikioni, zinauana. Amar Bose ndiye aliyeanza kulifikiria jambo hili akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na kampuni yake ikaanza kwa kuwauzia marubani. Sawa. Ndege ina mvumo mmoja, haubadiliki, unauawa vizuri. Na kwenye daladala, siwezi kusema uongo, injini ilitoweka kabisa. Nilikaribia kulia.

Lakini Zinga si ndege. Kwa viwango vya mjini, kwetu ni kimya, na ile bandari kubwa ya Bagamoyo, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2013, bado haijatupigia honi hata moja. Kelele zetu ni za kukatizakatiza: bodaboda, jogoo asiyejua saa, muuza samaki na honi yake ya mpira, gari la matangazo linaloita watu kwenye mkutano uliofanyika jana. Na shughuli. Mwezi ule kulikuwa na arusi (bata aliliwa, na hakuna aliyetaja kukuta kitu) na usiku wake likaja jenereta, spika zikapangwa mpaka usawa wa paa. Nikajifungia chumbani nikavaa zawadi ya Maskati. Jenereta likapotea. Besi ikapungua. Kilichobaki ni MC. Kumbe mashine hizi huua mvumo na kuyaacha maneno ya watu, na siku zote mvumo ndio ulikuwa unanisitiri. Kwa mara ya kwanza nilimsikia MC neno kwa neno, safi, kana kwamba amekaa kitandani kwangu, akisoma orodha ya majirani waliochangia arusi. Akafika kwenye nyumba ya kabla ya yangu. Akaruka kwenda ya baada ya yangu.

Halafu zinataka chaji, na umeme nao una siku zake. Zikizimika zinabaki kuwa kofia ya masikio, na tumeshaona mwezi wa pili kofia hiyo inafanya nini.

Watu wa afya nao hawaniachi. Shirika la Afya Duniani na wenzao wa mawasiliano waliweka kiwango: mtu mzima asikilize desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, basi. Ukipandisha desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu, saa 20. Ni mahesabu mazuri, nayaunga mkono, ila yamefanywa na watu wanaokwenda kazini kwa mguu. Saa zangu 40 suka anazimaliza kabla ya Alhamisi, na hedifoni sijazigusa. Nimwambie nani? Tuna hata kanuni za serikali za viwango vya kelele, za mwaka 2015. Siku moja nilizitaja garini. Konda akaniuliza kama nashukia kituo kinachofuata.

Aliyebaki kunisaidia ni mpwa wangu, aliyesoma Bagamoyo pale TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa. Anajua mambo ya sauti, tena anajua kupita kiasi. "Mjomba, tatizo lako unanunua vitu vya barabarani. Mtu anayependa muziki wa zamani anatakiwa avae zilizo wazi nyuma." Akanieleza kwamba Sennheiser walizitoa za namna hiyo tangu 1968, kwamba hazizibi, zinaacha hewa ipite, sauti inapanuka. Akanitajia HD 600, ambazo watu wa sauti wanazisifia tangu 1997. Nikapenda hapo kwenye hewa. Nikauliza kama simu yangu itaziendesha.

"Hapana mjomba, zile ni omu 300. Utahitaji ampilifaya."

"Nipande daladala na ampilifaya mapajani?"

"Na pia zinavujisha. Aliyekaa na wewe atasikia kila kitu."

Yaani nitoe mamia ya dola, halafu jirani wa siti asikilize bure na kuniambia nimrudishie ule wimbo uliopita. Mzee Morita angefurahi. Mimi mfuko wangu si wa Sony.

Akanivalisha za kwake hata hivyo, akanipigia nyimbo zangu, NUTA Jazz, Mlimani Park, Super Volcano, ili nisikie tofauti. Nikaisikia. Nikasikia mkanda unavyochemka. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya tarumbeta, na mwingine anaburuta kitu sakafuni. Miaka yote mtu yule alikuwa anakohoa na mimi nacheza. Sasa kila nikifika pale namsubiri yeye, tarumbeta siisikii tena. Hii ndiyo faida waliyonisifia.

"Ila mjomba," akasema, kama anayetoa habari ya msiba, "hizi rekodi zako nyingi ni mono."

Akanifafanulia. Bendi zile zilikwenda kurekodi studio za Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, watu wote chumba kimoja, maikrofoni chache, kisha wimbo unarushwa kwa masafa ya kati na mafupi mpaka kwenye redio yenye spika moja. Hakuna cha huyu kulia na yule kushoto. Kinachoingia sikio hili ndicho kinachoingia lile.

"Kilekile?"

"Kilekile, mjomba."

"Kwa hiyo upande mmoja ukifa sipotezi kitu?"

Aliumia, nilimwona. Miaka ya chuo yote ikampita usoni. Lakini akakubali: hupotezi kitu.

Nikaenda kabatini, nikafukua hedifoni za waya nilizozitupa zamani, za bei ya chipsi kavu, sikio la kushoto limekufa. Nikazichomeka. Kulia, Mbaraka mzima mzima, hajapungua hata uzi wa gitaa. Kushoto, Zinga. Namsikia konda akiita kituo. Nasikia honi ya bodaboda nyuma yangu. Mzee akisema karibu mwanangu, natoa shikamoo papo hapo na Sikinde haijafika kiitikio. Waya unaonekana, kwa hiyo hakuna anayeniachia namba ya shehe. Hauungani na sabufa ya mtu. Hauombi chaji. Mito haina ngozi ya kubanduka, ni sponji, iliyobanduka ilishabanduka. Mke wangu akiniita sina tena kisingizio, na hilo nalihesabu kuwa kasoro pekee ya chombo hiki.

Pekee, ukimwacha Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo. Zawose alirekodi Uingereza kwenye studio za Real World, kwa stereo ya kweli, ilimba inatembea kutoka sikio hadi sikio, na kwa hedifoni zangu napata nusu ya Mgogo. Lakini marehemu alifanya kazi na kuishi hapahapa Bagamoyo mpaka alipofariki 2003, na ukoo wake bado unapiga. Zawose Queens wametoa albamu juzi tu, 2024. Nikitaka Zawose wa masikio yote mawili napanda gari la Bagamoyo mjini. Hapo hata hedifoni sivai.

Kuna adui mmoja mpya: simu. Tangu Apple walipoondoa lile tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, mwaka 2016, wengine nao wamefuata mmoja mmoja, na mpwa wangu kila akija ananishauri nibadilishe yangu, kioo kimepasuka, inapata moto. Nimemwambia wataichukua siku ya kunizika. Ina tundu.

Juzi upande wa kulia ukaanza kukwaruza. Nikaenda kwa fundi simu pale kituoni, kijana mpole, ana kioo cha kukuzia na mashine ya kulehemu inayotoa moshi kuliko moto. Akafungua, akapuliza, akagusa mahali pawili. "Tayari mzee. Na huu wa kushoto nao waya umekatika hapa tu, nakuungia bure."

Nilimnyang'anya kabla hajashusha mkono.

Kisha nikatoa mfukoni pea mpya niliyoinunua ya akiba, ikiwa bado kwenye nailoni yake, nikamwomba aniulie sikio la kushoto.

"Nilitengeneze?"

"Uliue."

Akaigeuzageuza pea. Akaangalia nje kama nimekuja na mtu. "Kufufua ni elfu mbili, mzee. Kuua elfu tano."

"Kuua kunakuwaje ghali kuliko kufufua?"

"Kwa sababu kesho mama Zuhura atakuja kuniuliza ni nani aliyeharibu kitu kipya, na wewe hutakuwepo."

Tukapatana elfu nne.